Soko Lisilo na Njia ya Kurudi: Uhakiki wa Umbo la Soko la Krismasi la Lincoln

Februari 2023, Halmashauri ya Jiji la Lincoln, mashariki mwa Uingereza, ilitangaza kwamba soko la Krismasi la jiji hilo halitaandaliwa tena. Soko hilo lilianza mwaka 1982 kwa vibanda 11 katika uwanja mdogo ulio baina ya ngome na kanisa kuu. Lilipofanyika kwa mara ya mwisho, Desemba 2022, lilipokea watu zaidi ya 320,000 katika siku nne. Halmashauri ilieleza kuwa umati umezidi uwezo wa mitaa na kwamba usalama wa watu umo hatarini. Wengi walipinga, wengi walihuzunika, na mjadala wote ukaelekea kwenye mapato na ulinzi.

Hapa nataka kulisoma soko lile kama mhakiki anavyoisoma kazi ya sanaa, kwa kuichambua fani yake. Soko la Krismasi ni kazi iliyotungwa. Kuna watu walioamua lianzie wapi na liishie wapi, vibanda viwe na ukubwa gani, wauzaji wavae nini, ni harufu ipi impokee mgeni na ni jengo lipi limsubiri mwisho wa njia. Maamuzi hayo yana muundo, yana mandhari, yana mtindo, na yanaweza kupimwa. Dai langu ni kwamba soko la Lincoln lilitungwa vizuri sana kwa kipimo kidogo, kisha likaongezwa mwaka baada ya mwaka bila kutungwa upya. Kilicholiua ni hitilafu ya umbo, na hitilafu hiyo ilianza muda mrefu kabla halmashauri haijapiga kura.

Umbo lilikotoka

Soko la Krismasi si mila ya Kiingereza. Ni umbo la nchi za Kijerumani, na ni la kale. Soko la Dresden linahesabu umri wake tangu 1434, na ushahidi wa soko la Nuremberg unarudi nyuma hadi 1628. Katika miji hiyo umbo lina sifa ambazo hazijabadilika sana. Vibanda vya mbao husimamishwa katika uwanja, mara nyingi mbele ya kanisa. Soko huanza karibu na Jumapili ya kwanza ya Majilio na hufungwa karibu na mkesha wa Krismasi wenyewe, hivyo huchukua takriban wiki nne. Muda huo ni sehemu ya maana: Majilio ni kipindi cha kungoja, na soko linamsaidia mtu kungoja. Mwenyeji hupita jioni moja akanunua mshumaa, wiki inayofuata akaja na watoto, kisha akarudi tena kutafuta zawadi aliyoisahau.

Lincoln ilipata wazo hilo kutoka Neustadt an der Weinstraße, mji wa Ujerumani ulio na udugu rasmi nao. Iliazima vibanda, uwanja na kanisa. Haikuazima wiki nne. Soko la Lincoln lilipewa siku nne tu mwanzoni mwa Desemba, Alhamisi hadi Jumapili, na uamuzi huo mmoja, ambao soko lilipokuwa dogo haukuwa na madhara yoyote, ndio ulioamua hatima yake.

Mandhari

Tuanze na kilicho bora. Sidhani kama kuna mandhari nyingine ya soko la Krismasi nchini Uingereza iliyochaguliwa kwa jicho kali kuliko hii. Lincoln ni mji wa ngazi mbili. Kituo cha treni na maduka ya kisasa viko chini, karibu na mto Witham, na mji wa kale uko juu kileleni, pale Warumi walipoweka kambi yao karibu miaka elfu mbili iliyopita. Kinachounganisha ngazi hizo ni mtaa wa mawe unaoitwa Steep Hill, mwembamba na mkali kiasi kwamba mpandaji hulazimika kusimama njiani apumue. Pembeni mwake zimesimama nyumba za mawe za karne ya 12.

Kwa lugha ya uhakiki, mlima ule ni taharuki. Mgeni haingizwi sokoni moja kwa moja. Anacheleweshwa, anachoshwa kidogo, anasikia muziki kabla hajaona kinachoupiga, ananusa nyama ya kuchoma kabla hajaona moto. Kisha njia inafunguka ghafla na anajikuta katika uwanja wa Castle Hill. Kushoto kwake ni lango la ngome ambayo William Mshindi aliamuru ijengwe mwaka 1068. Kulia ni Exchequer Gate, lango la mawe la karne ya 14, na nyuma yake uso wa kanisa kuu lililoanza kujengwa 1072. Hadi 1548, mnara wake wa kati ulipokuwa bado na ncha yake ndefu ya mbao na risasi, kanisa hilo lilihesabiwa miongoni mwa majengo marefu kuliko yote duniani.

Uwanja huo umebanwa baina ya lango la upanga na lango la sala. Mfalme yuko upande mmoja, askofu upande wa pili. Kuviweka vibanda 11 vya mbao katikati yao ni kuingiza sauti ya tatu, sauti ya mtu wa kawaida anayeuza soseji na vitu vya kuchonga. Mbinu kuu ya mandhari hii ni ukinzani wa vipimo. Kibanda kina urefu wa mtu, kanisa lina urefu wa mlima. Kibanda ni cha siku nne, ngome ni ya miaka elfu. Kila kimoja kinakiongezea kingine nguvu. Kanisa linaonekana kubwa zaidi kwa kuwa na kibanda miguuni pake, na taa ya kibanda inaonekana ya joto zaidi kwa kuwa na ukuta baridi nyuma yake.

Hata jua linashirikiana na mtungaji. Mwanzoni mwa Desemba jua la Lincoln huzama kabla ya saa kumi alasiri. Sehemu kubwa ya soko husomwa gizani, na gizani macho huona kile tu kilichowashiwa taa. Waya za umeme, mapipa ya taka na magari ya mizigo hufutika, na kinachobaki ni nyuso, bidhaa na mawe. Nchi yenye jua la saa kumi na mbili haiwezi kuliazima umbo hili na kupata matokeo yale yale, kwa sababu nusu ya fani yake ni usiku.

Muundo

Muundo wa mwaka wa kwanza ulikuwa wa duara. Vibanda 11 katika uwanja mmoja vinaonekana vyote kwa kugeuza shingo. Mnunuzi anaweza kutazama, kuondoka, kulinganisha bei, kushauriana na mwenzake, na kurudi. Naomba msomaji alizingatie tendo hili la kurudi, maana ndilo roho ya muundo wa soko lolote. Mtu akienda sokoni hanunui nyanya za kwanza anazokutana nazo. Anazunguka kwanza. Muuzaji anajua hivyo, na ndiyo maana anamsalimu hata yule asiyenunua, akitumaini kwamba atapita tena. Mazungumzo, uaminifu na bei ya haki vyote vinategemea uwezekano wa mtu kupita mara ya pili.

Kadiri miaka ilivyokwenda vibanda vikawa mamia. Soko likatoka uwanjani, likaingia katika mtaa wa Bailgate, likajaza nyasi za ndani ya ngome, likalizunguka kanisa kuu. Mitaa yenyewe haikuweza kupanuka, kwa kuwa uzuri wake ni uembamba wake na kuta zake zinalindwa kisheria. Ili watu wasikanyagane, waandaaji wakaweka utaratibu wa kupita upande mmoja: unaingia huku, unasukumwa na mkondo, unatokea kule.

Mabadiliko hayo yalileta usalama, na kwa siku zile yalikuwa ya lazima. Lakini kifani yalikuwa mapinduzi. Duara likawa mstari. Kazi iliyokuwa ikisomwa kwa kuzunguka ikaanza kusomwa kwa kupitishwa. Katika mstari wa aina hii kila kibanda kinapata nafasi moja tu ya kuonekana, na nafasi hiyo ni ya hatua chache. Mtu akisita, anawazuia walio nyuma yake. Akipita na kujuta, hawezi kurudi bila kuuzunguka mkondo mzima.

Tazama ni nani anayenufaika na muundo huo na nani anayeadhibiwa. Anayeuza chakula cha kushika mkononi hana shida, kwa kuwa njaa huamua haraka. Anayeuza mapambo madogo ya bei nafuu hana shida. Lakini mfinyanzi ambaye chungu chake kinahitaji kushikwa na kugeuzwa, mfuma sweta anayetaka kueleza sufu yake ilitoka kwa kondoo wa wapi, mchongaji anayeuza kitu kimoja cha bei kubwa kwa saa nzima ya maongezi, hao muundo unawanyima pumzi. Umbo la mstari linachagua bidhaa zake lenyewe. Mtu akiniuliza kwa nini masoko makubwa ya Krismasi huanza kufanana, nitamwambia atazame kwanza njia ya kupitia kabla hajawalaumu wauzaji.

Hapo ndipo siku nne zinapoingia. Watu 320,000 kwa siku nne ni wastani wa watu 80,000 kwa siku, katika jiji lenye wakazi wapatao laki moja. Watu hao hao wakitandazwa katika wiki nne za Majilio ni wastani wa chini ya 12,000 kwa siku. Lincoln haikuwa na wapenzi wengi mno. Ilikuwa na wakati mfupi mno. Muundo wa mahali ulikuwa mwembamba kwa asili, na muundo wa wakati ukafanywa mwembamba kwa hiari. Kazi yoyote iliyobanwa pande zote mbili hupasuka.

Mtindo

Mtindo wa soko la Krismasi unategemea urudiaji, na hapa mtu aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili ana masikio ya kumsaidia. Vibanda vyenye ukubwa mmoja na paa la umbo moja vinafanya kazi ya mizani: vinaweka mapigo ambayo jicho linayategemea. Mvinyo wa moto wenye viungo unarudi kila baada ya hatua kadhaa, kama kibwagizo. Ndani ya mizani hiyo kila muuzaji analeta maneno yake: huyu soseji za Lincolnshire zenye majani ya sage, yule soseji za Kijerumani ndefu kuliko mkate wake, mwingine mkate wa matunda makavu ambao kaunti hii inajivunia. Beti 11 za namna hii zina umoja na zina tofauti. Beti mia mbili zenye kibwagizo kile kile zinamchosha msikilizaji, na kibwagizo kinachokosa kitu kipya mbele yake kinageuka kelele.

Kipengele cha pili cha mtindo ni mavazi. Lincoln ilijitofautisha na masoko mengine kwa kuwavika wauzaji mavazi ya enzi ya Malkia Victoria, kofia ndefu, shali na sketi pana. Uchaguzi huo una mantiki ya kihistoria. Krismasi ya Kiingereza ya leo ilipata sura yake katika enzi ile. Riwaya fupi ya Charles Dickens, A Christmas Carol, ilitoka Desemba 1843. Desemba 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapisha picha ya familia ya kifalme ikiuzunguka mti wa Krismasi, desturi ya Kijerumani iliyopewa umaarufu na Prince Albert, na Waingereza wakaiiga kwa haraka. Kuwavika wauzaji wa Lincoln mavazi ya Victoria katika soko lenye umbo la Kijerumani ni kuikumbusha hadhira kwamba mila hizi mbili zilishafunga ndoa zamani.

Lakini mtindo huchagua la kusema na la kunyamazia, na mhakiki analazimika kuvisoma vyote viwili. Ndani ya ngome, kando ya nyasi zilizowekwa vibanda, lipo gereza lililofunguliwa mwaka huo huo wa 1848. Kanisa dogo la gereza hilo lilijengwa kwa viti vilivyokingwa kwa mbao pande zote, mfungwa mmoja kwa kila kiti, ili amwone mhubiri lakini asimwone mfungwa mwenzake. Hiyo nayo ni enzi ya Victoria. Dickens aliijua vizuri. Kitabu chake kinajaza maduka kwa bata, machungwa na pudini, na katika sura hiyo hiyo kinawatoa watoto wawili waliokonda kwa njaa kutoka chini ya joho la mzimu wa Krismasi. Shibe na njaa zimefungwa katika sura moja makusudi, na hilo ni tendo la fani. Soko la Lincoln lilichukua joho na kuwaacha watoto.

Kuna kimya kingine kinachotuhusu sisi. Mvinyo wa moto hunukia karafuu na mdalasini. Katika enzi ile inayoigizwa na mavazi, Unguja na Pemba ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya karafuu za dunia, na mashamba yake yalilimwa na watumwa; utumwa ulipoteza uhalali wa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Wala uhusiano huo si wa karafuu peke yake. Edward Steere alikuwa kasisi wa Little Steeping, kijiji cha kaunti hii hii ya Lincolnshire. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 aliondoka pamoja na William Tozer, kasisi wa Burgh le Marsh iliyo jirani, aliyekuwa ameteuliwa askofu. Mwaka 1864 wakafika Zanzibar. Steere alijifunza Kiswahili, akachapisha ngano za Waswahili mwaka 1870, akawa askofu mwenyewe, na akajenga kanisa kuu la Mkunazini juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873. Lincolnshire ya Victoria, kwa hiyo, ina mtu aliyeona soko la aina nyingine kabisa na akalijibu kwa jengo. Soko lililotaka kuivaa enzi ile lilikuwa na hadithi hii mlangoni pake. Mtindo wake ungekomaa kama kibanda kimoja tu kingeisimulia.

Mfano wa York

Ili hukumu isiwe ya upande mmoja, tulinganishe na York, jiji jingine la kihistoria lenye kanisa kuu, kuta za kale na wageni wengi. Soko lake la Krismasi hukaa hasa katika Parliament Street. Mtaa huo ulikatwa katika miaka ya 1830 kwa kazi ya soko, ukiunganisha viwanja viwili vya soko vya kale, Pavement na St Sampson's Square. Ni mpana, umenyooka, una midomo pande zote mbili na vichochoro vya kutokea pembeni. Vibanda husimama katikati na watu hupita kando kwa pande zote, kwenda na kurudi. Karibu yake upo mtaa wa Shambles, mtaa wa wachinjaji wa zamani wenye nyumba za mbao zinazokaribia kugusana juu. Waandaaji hawakuvisukumia vibanda ndani yake. Wameuacha uwe mwembamba, na mgeni anaufikia kwa miguu yake akitoka katika mwanga wa soko.

Kwa mandhari, York haifikii kilele cha Castle Hill. Parliament Street ina maduka ya kawaida na kanisa kuu halionekani mbele yako kama Lincoln. Wikendi za Desemba nako hujaa hadi hatua ikawa nzito. Lakini soko la York huchukua wiki kadhaa, kuanzia Novemba hadi siku chache kabla ya Krismasi. Mkazi anaweza kulikwepa Jumamosi akaja Jumanne asubuhi. Linaruhusu kurudi, kwa hatua na kwa siku. Ndiyo maana liko hai.

Hukumu

Watetezi wa soko la Lincoln wana hoja nzito. Umati, wanasema, ni ushahidi wa mapenzi, na hoteli na mikahawa ilitegemea siku zile nne. Nakubali kuwa mapenzi yalikuwa ya kweli. Lakini katika sanaa wingi wa hadhira haujawahi kuwa kipimo cha umbo. Ukumbi wa viti mia mbili hauwi bora kwa kuingiza watu elfu, na anayeutakia mema huongeza siku za maonyesho. Lincoln iliongeza vibanda, vizuizi na walinzi, ikaacha siku zilivyokuwa. Ilipofika 2023 mlango wa marekebisho ulikuwa umeshakuwa mgumu kuufungua, na kufunga kulikuwa uamuzi wa haki kwa usalama wa watu.

Majiji mengine ya kihistoria ya Uingereza yanayoendesha masoko ya aina hii yana somo la wazi. Mitaa ya kale ni midogo na itabaki hivyo. Kinachoweza kupanuliwa ni wakati. Vibanda viwe vichache kuliko nafasi iliyopo. Njia ya kurudi ilindwe kama inavyolindwa njia ya gari la zimamoto. Mafundi wa mikono wapewe sehemu ambazo mtu anaweza kusimama. Na kama soko linaivaa enzi fulani, liivae yote, pamoja na gereza lake na karafuu zake.

Nawe msomaji, uwe mkazi wa Uingereza au mgeni wa msimu mmoja, ukienda katika soko la Krismasi lisome kabla ya kununua. Nenda siku ya kazi. Pita mara ya kwanza bila kufungua pochi, tazama kibanda kimesimama mbele ya jengo gani na kwa sababu gani, kisha geuka urudi kwa muuzaji uliyemkumbuka. Ukizuiwa kurudi, umeshaijua kasoro kubwa kuliko zote ambayo soko linaweza kuwa nayo.